Mashine Iliyosema Kweli

Kama umewahi kununua mashine ya juisi Kariakoo au Darajani, imeandikwa wati elfu moja na mia tano, na baada ya wiki tatu ikashindwa na embe, basi huenda ni mimi niliyeileta. Ndani yake mlikuwa na wati mia tatu na hamsini, tena siku nzuri. Vibandiko nilivichapisha mwenyewe hapa Guangzhou, kwa laoban mmoja wa Sanyuanli, mwenye duka, aliyekuwa akiniuliza kila safari, kalamu mkononi, "Namba gani mara hii?" Nikimwambia elfu moja na mia tano anaandika. Nikimwambia elfu mbili anaandika vilevile. Mteja wa kwetu akiona mia tatu na hamsini anakwenda duka la pili, kwa hiyo msinitolee macho.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea kwamba nililolifanya nimelifanya kwa ujinga. Nililifanya kwa ujuzi, ujuzi wa miaka kumi na sita.

Mume wangu Yasir ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mimi Kichina changu ni cha sokoni, cha bei na rangi na "mei you", yaani hakuna. Yeye alikuwa anakiongea mpaka Wachina wenyewe wanaweka vijiti chini wamsikilize. Mzanzibari, Mkongo, Mngazija, yeyote aliyekosana na kiwanda alimfuata Yasir, na Yasir akiingia dukani na tabasamu lake ugomvi unaisha kwa chai. Mwezi wa pili alikuwa katika duka moja la Guangyuan Xilu, katikati ya kumweleza laoban kwamba zipu zake zinakatika, akanyamaza ghafla. Laoban akadhani ni mbinu, akashusha bei. Yasir kimya. Akashusha tena. Alipoishusha mara ya tatu Yasir akaanguka juu ya marobota.

Kilikuwa kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia ulirudi baada ya wiki sita. Maneno hayakurudi. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba anaelewa kila kitu: anacheka pa kucheka, anasoma namba, anajua nani kaja kwa huruma na nani kaja kuchungulia. Lakini neno analolitaka haliji, linakuja jingine. Ukimwonesha kikombe anasema "dirisha", na anajua kwamba si dirisha, na uso wake wakati huo simtakii hata adui yangu.

Sasa, tuna mtoto mmoja, Fathiya. Alikuwa ameposwa na Burhani, kijana wa Unguja wa ofisi ya mizigo, na nikaha ilikwisha kupangwa, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa, katika ukumbi ulio juu ya mgahawa wa halali pale Sanyuanli. Anayemwoza binti ni baba yake. Sheikh alitwambia hapana tabu, walii asiyeweza kutamka anatikisa kichwa tu, anampa mwingine uwakala, na nikaha inapita. Shemegi yangu Mwadini, kaka yake Yasir, akajitolea kabla hajaombwa. Akaandika kutoka Unguja kwamba amekwisha kukata tiketi.

Huyu Mwadini ndiye aliyesema miaka mitatu nyuma, kwenye arusi ya watu, mbele ya watu, kwamba mtoto aliyelelewa Guangzhou amekwisha kuharibika na hakuna mtu wa maana atakayemwoa. Yasir hakusema naye tangu siku ile. Fathiya alipomsomea baba yake ujumbe wa Mwadini, Yasir aliipiga meza kwa ule mkono uliorudi, akajinyooshea kidole mdomoni, akanitazama mimi.

"Utasema wewe," nikamwahidi mbele ya mtoto. "Wallahi utasema wewe kwa kinywa chako."

Ndivyo tulivyofika kwa Daktari Liang, mwanamke mfupi asiyecheka, katika hospitali moja ya serikali. Alitupa mashine ndogo kama sanduku la sabuni, yenye nyaya mbili na sponji mbili za kulowekwa maji ya chumvi. Haichomi, haipasui, inapitisha umeme mdogo juu ya ngozi ya kichwa. Alizungumza na simu, na simu ikatutafsiria kwa sauti ya mwanamke aliyesoma sana. Upande wa kushoto wa ubongo, alisema, ndio ulioumia na ndio wenye maneno. Upande wa kulia, ulio mzima, unaupigia kelele. Kwa hiyo sponji tunaiweka kulia, ili tuunyamazishe kidogo, na ule ulioumia upate nafasi ya kusema. Nguvu yake ni miliampia moja. Dakika ishirini kila siku, na katika dakika hizo hizo afanye mazoezi ya maneno.

"Usiongeze," simu ikasema. "Hapa kuongeza nguvu si kuongeza faida. Kwa watu wengine ikifika mbili kazi inageuka, badala ya kunyamazisha inaamsha."

Nilimwelewa neno kwa neno. Nesi akaiweka kwenye moja, akaifunga kwa namba ya siri, tukaondoka.

Siku kumi za mwanzo zilikuwa neema. Tulikuwa na kadi sitini za picha. Siku ya kwanza alizitaja nne. Siku ya tano, kumi na saba. Siku ya kumi, thelathini na moja, na kikombe kikawa kikombe. Baada ya kadi tulikuwa tunafanya maneno ya nikaha, nimeyakata vipande kama ninavyokata kitambaa: nimekuozesha, binti yangu, Fathiya, kwa mahari mliyopatana. Siku ya kumi alisema, polepole, jasho linamtoka, "Nimekuozesha binti yangu," akasimama hapo. Jina la mtoto halikuja. Nililia jikoni kwa furaha, nikaosha uso, nikarudi.

Alasiri ile ile Mwadini akawasili na masanduku yake. Nikataka kumwonesha. Nikamwambia Yasir, "Hebu msikizishe kaka yako." Yasir akakohoa, akakusanya nguvu zake zote, akasema, "Nimekuozesha binti yangu," akakwama. Alijaribu mara tatu. Mwadini alingoja mdomo wazi, kisha akampigapiga begani.

"Mashaallah," akasema. "Na kilichobaki tutakimalizia wengine."

Zilibaki siku kumi na nne. Nikapiga hesabu kichwani: vipande viwili kwa siku kumi, viwili vingine kwa siku kumi na nne. Mtu mwingine angetulia. Mimi nilikuwa bado nasikia lile neno "tutakimalizia". Halafu nikaitazama mashine, ile moja yake ya kijani kwenye kioo, nikajiuliza swali ambalo nimejiuliza kwa kila kitu nilichowahi kupakia kwenye kontena. Moja ya nani? Moja iliyoandikwa na nani, kwa ajili ya mteja gani? Nimeona betri zimeandikwa elfu kumi zina elfu mbili. Nimeandika mimi. Katika mji huu wote sijawahi kushika namba isiyovimbishwa. Basi moja hii, nikasema, ukiipima sawasawa ni nusu, pengine hata nusu haifiki, na yule daktari maskini hajui kwa sababu yeye hauzi vitu. Mume wangu alikuwa anapewa nusu dozi, na nikaha inakuja.

Asubuhi nikampelekea Kamande, Mkenya mwenye meza ya kutengeneza simu chini ya jengo letu. Kamande anafungua kila kitu kilichofungwa. Aliibandua mashine, akaunganisha nyaya za mita yake, akaangalia muda mrefu.

"Mathe, hii haidanganyi," akasema. "Imeandika moja na iko moja. Moja kamili."

"Hiyo mita yako umeinunua wapi?"

"Si hapa tu, kwa duka la hawa wasee Wachina."

"Basi nayo ni ya mji huu huu," nikamwambia.

Akanitazama. "Hii ni ya kichwa cha mtu, Mathe?"

"Nimekuuliza kama unaweza kuifungua. Ya kichwa cha nani yakuhusu nini?"

Akaifungua. Nilimwekea chai yake mezani, nikapanda juu, nikabonyeza mpaka kioo kikaandika mbili. Moyoni mwangu hiyo mbili ndiyo ilikuwa moja ya kweli.

Na hapa shetani alinifanyia hisani. Siku ile ya kwanza ya mbili, dakika ya kumi na tano, Yasir akasema, "Fathiya." Safi, kama alivyokuwa akimwita kutoka ngazini. Nilimpigia mtoto simu kazini arudi. Akaja, akamsikia, akamkumbatia baba yake mpaka sponji ikadondoka. Sikumwambia kitu kuhusu mashine. Nilijiona mwerevu kuliko hospitali nzima.

Siku ya pili jina halikuja. Siku ya tatu "nimekuozesha" ikawa "nimeku, nimeku, nimeku". Kadi zikashuka ishirini na mbili, kisha kumi na tano. Mtu mwenye akili angerudisha moja. Mimi kwanza nilisema ni uchovu. Kisha nikasema ni jicho la Mwadini, nikafukiza ubani nyumba nzima. Kisha, siku ya tano, nikasema ni uvivu, na hilo ndilo lililonikaa.

Fathiya alikuwa anatoka asubuhi kwenda kazini, kwa hiyo hakuyaona. Mwadini aliyaona, kwa sababu alikuwa amejilaza sebuleni siku nzima anakula. Nilikuwa namkalisha Yasir kwenye kiti cha plastiki, nafunga mkanda, nawasha, halafu napiga kadi mezani moja baada ya moja. "Nini hii? Nini hii, Yasir? Jana ulikuwa unaijua. Unajifanya?" Akisema neno silo naikwapua kadi mbele ya uso wake. "Unataka kaka yako amwoze mwanao? Sema basi kwamba unataka, tupumzike." Alikuwa anatetemeka midomo. Nilidhani ukali utamsaidia, na nisijitie usafi, pia nilikuwa nimechoka naye. Nilikuwa nimechoka kumwogesha, nimechoka kuwa mdomo wa mtu aliyekuwa mdomo wangu, na kwa dakika ishirini kila siku nilikuwa na ruhusa ya kumfokea kwa jina la dawa.

Siku ya sita aliinua kidole kimoja. Akakielekeza kwenye mashine, akakiinua tena mbele ya macho yangu. Namba alikuwa anazisoma, nimekwisha kusema. Aliiona mbili tangu siku ya kwanza, na alikuwa anahisi inavyomwuma juu ya sikio.

"M... m...," akasema.

Nilijua anataka kusema nini. Nilikishika kile kidole nikakikunja kwenye kiganja chake, nikakibana hapo. "Weka mkono chini," nikamwambia. "Kadi."

"Shemegi," Mwadini akasema kutoka kwenye kochi, "mwache mwenzio apumzike. Unamtesa."

"Kula chakula chako," nikamjibu.

Alisema kweli. Mtu yule, kati ya watu wote, ndiye aliyesema kweli, na mpaka leo sijamsamehe.

Siku ya nane ya mbili ilikuwa siku ya kurudi kwa daktari. Juu ya sikio la Yasir palikuwa pamekuwa pekundu, ngozi imechubuka kidogo. Nikarudisha mashine kwenye moja. Nikapaka poda pale palipochubuka, nikamvalisha kofia, tukapanda metro. Nikajiambia kwamba sifichi kitu, namtengeneza tu mume wangu apendeze.

Daktari Liang alimvua kofia, akapitisha pamba yenye maji, poda ikatoka. Alichukua kadi zake mwenyewe, akamwonesha Yasir kumi. Alitaja moja. Kisha akaunganisha mashine na kompyuta.

Sikujua kwamba inaandika. Miaka kumi na sita nauza vitu vya umeme, na haikunijia kwamba kitu chaweza kujiandikia chenyewe. Ikatoka safu ya namba, siku kwa siku, na ilikuwa wazi hata kwa mtoto mdogo: moja mara kumi, halafu mbili, mbili, mbili, mpaka mwisho. Yasir aliisogelea kompyuta. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kidole kinafuata mistari. Kisha akanigeukia.

Nikaanza kusema na simu, haraka. Nikaeleza mambo ya vibandiko, mambo ya betri, kwamba namba za mji huu hazina ukweli, kwamba nilikuwa narekebisha. Simu ikatafsiri yote. Daktari akasikiliza mpaka mwisho.

"Hii moja ni moja," akasema. "Kwa nini iwe kitu kingine?"

Akaendelea polepole, anaingojea simu. Mbili si sumu, alisema. Wako wagonjwa anaowapa mbili, sehemu nyingine, kwa kazi nyingine, wakapona. Lakini kwa Yasir alitaka kuunyamazisha upande wa kulia, na alikuwa amenionya kwamba mbili huenda ikauamsha. "Watu wanafikiri ubongo ni jiko, ukitia moto zaidi chakula kinaiva haraka."

"Ni mimi niliyemharibu?" nikauliza.

"Sijui. Huenda ni umeme. Huenda angeshuka mwenyewe, wengine hushuka. Mashine inafanya kazi pamoja na kile ambacho ubongo unafanya wakati huo." Akaitazama midomo ya Yasir iliyokuwa inatetemeka. "Dakika zile ishirini, ulikuwa unamwambia nini?"

Simu ikalirudia swali kwa ile sauti yake ya kisomi. Yasir alikuwa bado ananitazama. Nilisema, "Maneno ya mazoezi."

Daktari alituambia tuiache mashine pale hospitali, tupumzike mwezi mzima, kisha aanze upya. Nikamwuliza maneno ya zile siku kumi yatarudi au hayatarudi. Akasema yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi, na si kwa siku tano au sita. Nikaha ilikuwa baada ya siku sita.

Kwenye metro Yasir alikaa, akaweka begi lake kwenye kiti cha katikati yetu. Tulipokaribia kushuka nilimwinamia nikamwambia, "Usimwambie mtoto." Nilipokwisha kulisema nikalisikia nilivyolisema. Yeye alikuwa anaangalia mlango.

Fathiya alikuwa ametangulia nyumbani, anatungoja, bado ana nguo za kazini. Nilikuwa nimekwisha kuitengeneza habari yangu njiani. Nikamwambia kwamba daktari kaona kiharusi kingine, kidogo, kimepita wiki hii bila ya sisi kujua, ndicho kilichochukua maneno. Nikamwambia na mashine imechukuliwa kwa ajili hiyo. Mtoto akaziba mdomo.

Yasir akamshika mkono. Akaubana, akafungua kinywa, akaanza kutafuta. Alitafuta mbele yetu kwa muda mrefu sana. Shingo ilimsimama mishipa, sauti ikatoka, "Ma... ma... ma...," kisha "dirisha", kisha akatikisa kichwa kwa hasira akaanza tena. Alinielekezea mimi mkono. Fathiya akadhani anaomba nimsaidie.

"Basi, Baba," akasema, anamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake. "Basi, nyamaza. Si kosa lako. Na Mama yupo, anakuelewa."

Nilisimama pale nikamwacha amfute.

Ijumaa ile ukumbi ulijaa. Wanaume upande mmoja, sisi nyuma ya pazia na masinia ya pilau. Nilisikia sheikh akimwuliza Yasir kama anampa kaka yake uwakala. Sikuona kichwa kikitikisika, lakini nilimsikia Mwadini anakohoa, na nikajua kimetikisika. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyejiandaa, hakukosea hata herufi, "Nimekuozesha Fathiya binti Yasir, kwa uwakala wa baba yake, kwa mahari mliyopatana." Burhani akajibu. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Mimi nilipiga kuliko wote.

Baadaye walimleta Yasir upande wetu ampe mkono bibi arusi. Alikuwa na kanzu mpya na kofia iliyofunika mpaka juu ya sikio. Wamama wakamzunguka. Bi mmoja mtu mzima, jirani yetu, akanishika mabega akasema hajaona mwanamke aliyempigania mumewe kama mimi, na kwamba Mungu atanilipa. Wengine wakaitikia. Fathiya akainama, na hina zake na dhahabu zake, akanibusu mkono mbele ya watu wote.

"Kila siku, dakika ishirini, na kadi zake," akawaambia. "Hajakosa hata siku moja. Baba ni shahidi."

Wote wakamgeukia shahidi. Yasir alikuwa ananitazama mimi. Katika ukumbi mzima, katika mji mzima wa watu milioni ngapi sijui, ni yeye peke yake aliyejua, na alichokuwa anakihitaji ili aseme ndicho nilichomnyima. Naandika kama lilivyokuwa: nilifurahi. Nilisikia furaha inanipanda miguuni mpaka kifuani, kwamba hawezi.

Kisha nikaona midomo yake inaanza kufunguka. Nikafinyanga tonge la pilau, kubwa, nikamtia mdomoni, na wanawake wakaguna kwa huruma jinsi ninavyompenda.